Kinachoifanya Nyumba ya Kijani Iwe Ghali

Mwaka 2007 Baraza la Biashara la Dunia kwa Maendeleo Endelevu liliwauliza wataalamu wa ujenzi na wafanyabiashara wa majengo swali jepesi: jengo la kijani, yaani lililobuniwa kubana nishati na kupunguza madhara kwa mazingira, linazidi jengo la kawaida kwa gharama kiasi gani? Kwa wastani walijibu asilimia 17. Hesabu halisi, kwa mujibu wa baraza hilohilo, ilikuwa karibu asilimia 5. Na hao hawakuwa wapita njia waliosimamishwa barabarani. Wengi wao kazi yao ni kukadiria, kujenga au kuuza majengo, lakini makadirio yao yalizidi ukweli zaidi ya mara tatu.

Mtu anaweza kusema tu kwamba ni dhana potofu. Mimi naona walijibu kwa yale wanayoyaona kila siku. Kinachouzwa kwa jina la ukijani ni vifaa: paneli za sola, betri, inveta, vioo vya tabaka tatu, pampu za joto, swichi zinazojizima zenyewe. Kila kifaa kina bei, kina muuzaji na kina tangazo lake. Lakini kuigeuza nyumba kwenye ramani ili upande wake mrefu usipigwe na jua la magharibi ni jambo lisilo na muuzaji. Wala hakuna kampuni inayotangaza chumba ulichoamua kutokijenga. Kwa hiyo ukimuuliza mtu gharama ya ukijani, anajumlisha vilivyo na bei na kuyaruka yasiyo na bei, na jumla yake lazima itishe.

Nyumba ya kijani inaweza kweli kuwa ghali, na nitaeleza ni wapi. Ila ughali huo mara nyingi hautoki kwenye vifaa. Hutoka kwenye kuchelewa kuamua, na hutoka kwenye bei ya fedha yenyewe, yaani riba.

Turudi Regina, Kanada, mwaka 1977. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa tangu msukosuko wa 1973, na jimbo la Saskatchewan lilitaka nyumba ya mfano itakayopata joto lake kwa jua. Huko baridi si ya mchezo; majira yake yakifika, kipimajoto huweza kushuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri. Wahandisi, Harold Orr akiwa mmoja wao, wakafanya mambo mawili katika nyumba moja. Walijenga kuta nene zilizojazwa kizuia joto, wakaziba kila upenyo wa hewa waliouona, kisha wakaweka kifaa kinachochukua joto la hewa chafu inayotoka na kulihamishia kwenye hewa safi inayoingia. Na kwa kuwa ndilo walilokuwa wameagizwa, wakaweka pia mtambo wa kukusanya joto la jua, wenye mirija ya kioo na tangi kubwa la maji.

Wageni walifika kwa maelfu kuitazama. Baada ya miaka michache ikaonekana kwamba mtambo wa jua ni ghali na unasumbua, na hatimaye ukang'olewa. Kuta zilibaki, na kazi yote zilikuwa zikiifanya zenyewe: joto lililohitajika ndani ya nyumba lilikuwa dogo kiasi kwamba mtambo ule mkubwa haukuwa na la maana la kufanya. Kile kilichokusudiwa kuwa fahari ya nyumba kiligeuka mzigo, na kilichofichwa nyuma ya mbao na plasta ndicho kilichofaulu.

Somo hilo lilivuka bahari. Wolfgang Feist wa Ujerumani, pamoja na Bo Adamson wa Sweden, walilikamilisha kihesabu, na mwaka 1991 familia nne zikahamia kwenye safu ya nyumba huko Darmstadt zilizojengwa kwa kanuni hizo. Kipimo kilichotokana na kazi yao bado kinatumika: nyumba isihitaji zaidi ya kilowati-saa 15 za kupasha joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Nyumba nyingi za zamani za Ulaya hutumia mara kumi hivi ya kiasi hicho.

Kitu cha kujifunza Darmstadt, kwa upande wa pesa, si unene wa kuta. Ni kwamba hitaji la joto likishuka vya kutosha, unaweza kuacha kununua mfumo mzima wa kupasha joto uliozoeleka, ile tanuri na mabomba yake chumba hadi chumba. Joto kidogo linalobaki husafirishwa na hewa ileile inayoingizwa kwa ajili ya kupumua. Pesa ambayo ingelipia mitambo inahamia ukutani na dirishani. Si yote inarudi, kwa sababu madirisha ya aina hiyo na mfumo wa hewa navyo vina bei yake, lakini pengo hupungua sana. Sharti ni moja: anayechora kuta na anayechagua mitambo wawe wamekaa meza moja tangu mwanzo. Ikiwa mhandisi wa mitambo analetewa ramani iliyokwisha pitishwa, ataweka mtambo wa ukubwa aliouzoea, na mwenye nyumba atalipa mara mbili: kuta nene, na mtambo mkubwa usio na kazi.

Kuna hesabu moja ya darasani ambayo ingeokoa pesa nyingi kama ingejulikana zaidi. Kwa kukadiria, joto linalopita kwenye kizuia joto hupungua kwa nusu kila unene unapoongezwa maradufu. Chukua ukuta wenye sentimita 5 unaopitisha joto kiasi cha 100. Ukifikisha sentimita 10, linabaki 50. Ukifikisha 20, linabaki 25. Ukifikisha 40, linabaki 12.5. Sentimita 5 za mwanzo ulizoongeza zimekuokolea 50. Sentimita 20 za mwisho zimekuokolea 12.5 tu, na zimekula nafasi ya chumba. Kwa hiyo swali la kama kizuia joto kinalipa halina jibu moja. Cha kwanza karibu kila mara kinalipa. Cha mwisho mara nyingi kinanunuliwa kwa ajili ya cheti cha nyumba ya kijani.

Kwenye nchi za joto mambo yanahamia juu. Jua la karibu na ikweta hupita karibu na utosi, na paa ndilo linalolipokea saa za mchana kwa ukali wa hadi wati 1,000 hivi kwa kila mita ya mraba. Bati lisilo na dari linakuwa jiko lililogeuzwa chini juu. Msanifu majengo Diébédo Francis Kéré alilijibu tatizo hilo katika shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Alijenga kuta kwa matofali ya udongo, akaweka dari ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa, kisha akaliinua bati juu kabisa ya dari kwa kenchi zilizochomelewa kwa nondo za kawaida. Hewa moto inapanda na kutoka, upepo unapita kati ya dari na bati, na bati lenyewe limechomoza mbali nje ya kuta likizikinga dhidi ya jua na mvua. Hakuna kiyoyozi. Nondo, bati na udongo ni vitu ambavyo fundi yeyote anavijua. Kilichoongezwa ni akili ya kuviweka mahali pake. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika usanifu majengo.

Ni shule, si nyumba ya kuishi, na watu hawalali humo. Lakini fizikia haibadiliki mtu akivaa nguo za kulalia. Paa lililopakwa rangi nyeupe, dari yenye nafasi ya kupumua juu yake, madirisha yanayotazamana ili upepo upite, kivuli upande wa mashariki na hasa magharibi ambako jua hushuka na kuingia moja kwa moja: haya yote yakiamuliwa kabla ya msingi kuchimbwa, mengine hayana gharama kabisa na mengine ni nyongeza ndogo. Yakiamuliwa baada ya nyumba kukamilika yanaitwa ukarabati, na ukarabati una bei yake.

Hapo ndipo naafikiana na wanaosema ukijani ni ghali. Kuivalisha nyumba iliyokwisha kujengwa kizuia joto kwa nje maana yake ni kuweka jukwaa, kubomoa plasta, kusogeza madirisha, kurefusha ukingo wa paa ambao sasa umekuwa mfupi kuliko ukuta, na pengine kuwahamisha wakazi. Bei ya kizuia joto chenyewe ni sehemu ndogo ya ankara hiyo; kubwa ni kazi na usumbufu. Na kwa kuwa nyumba nyingi zitakazokaliwa kizazi kijacho katika nchi tajiri tayari zimesimama, tatizo lao ni hili la ukarabati zaidi ya ujenzi. Nchi ambazo nyumba zake nyingi bado hazijajengwa zina nafasi ambayo wenzao wameshaipoteza, na sioni kama inatumiwa inavyostahili.

Kuna uamuzi mwingine wa kwenye karatasi ambao wauzaji wa ukijani huwa hawaugusi: ukubwa. Nchini Marekani nyumba mpya ya familia moja ilikuwa na wastani wa takriban mita za mraba 154 mwaka 1973. Kufikia 2015 ilikuwa imefika takriban 250. Katika kipindi hichohicho idadi ya watu katika kaya ilishuka, kutoka karibu watu 3 hadi karibu 2.5. Kuta ziliboreshwa, madirisha yaliboreshwa, friji na taa zikawa za kubana matumizi, na sehemu kubwa ya faida hiyo ikamezwa na vyumba vya ziada. Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliona jambo la aina hiyo kwenye makaa ya mawe: injini zilipozidi kubana matumizi, makaa yakazidi kuchomwa, kwa sababu kuzitumia kulikuwa nafuu. Sisemi kwamba ubanaji hauna faida. Nasema nyumba ya mita 250 yenye nembo ya kijani mlangoni inaweza kuizidi kwa matumizi, na kwa saruji, nyumba ya mita 90 isiyo na nembo yoyote. Na saruji si jambo dogo. Uzalishaji wake huchangia karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu, na zaidi ya nusu ya hiyo hutoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa, hata kama tanuri lingewashwa kwa moto safi kiasi gani.

Sasa paneli, maana nimezisema vibaya bila kuzipa haki yake. Tangu mwaka 2010 bei ya paneli za sola imeporomoka kwa karibu asilimia 90, na betri za lithiamu zimefuata mkondo huohuo. Hili linabadilisha hesabu za zamani. Ile sentimita ya ishirini au thelathini ya kizuia joto, ambayo enzi za Regina ingeweza kutetewa, leo inashindana na paneli ya bei nafuu, na mara nyingi inashindwa. Wanaoshikilia vipimo vya miaka ya 1990 kama msahafu wangefaa kulikubali hilo. Lakini paneli huzaa umeme mchana, wakati watu wengi huwasha taa na viyoyozi jioni, na wa nchi za baridi huhitaji joto usiku wa majira ambayo jua lenyewe ni la kuviziwa. Kivuli, dari na ukuta hufanya kazi saa zote bila betri. Kufunga paneli juu ya nyumba inayovuja joto kila upande ni kutia maji kwenye pakacha. Maji yakishuka bei, pakacha halijazibika.

Nilisema pia bei ya fedha. Tuchukue nyumba ya 1,000,000 kwa sarafu yoyote. Kuifanya ibane nishati kunaongeza 50,000, ambayo ni ile asilimia 5. Bili inapungua kwa 5,000 kila mwaka. Kwa lugha ya wauzaji, uwekezaji unajilipa kwa miaka 10, habari njema kwa kila mtu. Lakini watu wengi hawana 50,000 mkononi, wanaikopa. Kwa mkopo wa miaka 20 wenye riba ya asilimia 4, rejesho la nyongeza hiyo ni kama 3,680 kwa mwaka, na mkopaji anabaki na faida tangu mwaka wa kwanza. Riba ikiwa asilimia 8, rejesho ni karibu 5,090, yaani anakula na kulipa sawasawa. Riba ikifika asilimia 16, rejesho ni karibu 8,430. Mkopaji anapoteza zaidi ya 3,400 kila mwaka kwa miaka 20. Ukuta ni uleule na jua ni lilelile. Fundi hajaongeza hata senti.

Bei za umeme zikipanda hesabu itamwegemea mkopaji kidogo, lakini sura yake haibadiliki. Anayekopa kwa riba ndogo anaiona nyumba ya kijani kuwa ya busara, anayekopa kwa riba kubwa anaiona kuwa anasa, na wote wawili wamepiga hesabu sawa. Mtu wa pili akiambiwa kwamba anakosa elimu ya mazingira, ana haki ya kuudhika.

Serikali zilizojaribu kuliziba pengo hilo zimeteleza pande zote mbili. Uingereza ilianzisha mpango wake mwaka 2013: mwenye nyumba anafanyiwa maboresho, na mkopo unalipwa kupitia bili ya umeme ya nyumba, si ya mtu, hata akihama. Wazo lilikuwa zuri. Riba ilikuwa karibu asilimia 7 au zaidi, katika nchi ambayo watu walikuwa wamezoea mikopo ya nyumba yenye riba ndogo zaidi ya hapo. Waliojitokeza walikuwa wachache mno, na mwaka 2015 serikali ikaacha kuufadhili. Italia ilikwenda upande mwingine mwaka 2020, ikaahidi nafuu ya kodi ya asilimia 110 ya gharama za ukarabati wa kubana nishati. Ukiambiwa utarudishiwa zaidi ya ulichotumia, kwa nini ubishane na mkandarasi? Hakuna aliyebishana. Bei za majukwaa na vifaa zikapaa, udanganyifu ukazagaa, na gharama kwa hazina ikapita yuro bilioni 100, mbali kabisa na makadirio ya awali. Nyumba zilikarabatiwa kweli, lakini kwa bei ambayo ingetosha nyumba nyingi zaidi.

Baina ya hizo mbili kuna njia ya wazi ambayo haivutii wanasiasa kwa sababu haina uzinduzi: mkopo wa riba ya chini kwa nyongeza ile tu, kwa kazi zenye faida ya mwanzo kama dari, kuziba mianya na kivuli, huku mwenye nyumba akichangia sehemu ya gharama ili awe na sababu ya kuuliza bei kwa fundi wa pili.

Mpangaji yuko nje ya hesabu hii yote. Bili analipa yeye, ukuta ni wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akitumia 50,000, anayeokoa 5,000 ni mtu mwingine. Asipotumia kitu, anayeteseka kwa joto au baridi ni mtu mwingine vilevile. Hakuna riba itakayotibu hilo. Linahitaji kanuni, kama ile ya England na Wales inayozuia kupangisha nyumba iliyo chini ya daraja fulani la nishati, yaani alama inayoonyesha jinsi nyumba inavyobana matumizi.

Na madaraja hayo yana ubishi wake. Denmark iliyafanya ya lazima tangu 1997, Umoja wa Ulaya ukafuata kwa agizo la mwaka 2002, na sasa nyumba inayouzwa au kupangishwa huko hutakiwa kuwa na cheti. Kinasaidia kiasi: watafiti Dirk Brounen na Nils Kok walipochunguza soko la Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walikuta nyumba zenye madaraja ya juu zikiuzwa kwa bei iliyozidi kwa karibu asilimia 4. Yaani kitu kilichofichwa ndani ya ukuta kilianza kuonekana sokoni, na mjenzi akapata sababu ya kukiweka. Udhaifu wa cheti ni kwamba mara nyingi hukokotolewa kutokana na ramani na aina ya vifaa, si kutokana na maisha yanayoishiwa humo, na tofauti kati ya karatasi na mita ya umeme inaweza kuwa kubwa.

Kwa maoni yangu muuzaji angetakiwa kukabidhi pia bili zake za miaka mitatu, pamoja na idadi ya watu waliokuwa wakiishi humo. Watasema bili hutegemea tabia za mkaaji. Ni kweli, na mnunuzi anaweza kumuuliza muuzaji mlikuwa wangapi na kiyoyozi mlikizima saa ngapi. Cheti hakijibu maswali hayo. Kisha bili hizohizo zipelekwe benki. Afisa mikopo hupima mshahara, madeni na dhamana ya mwombaji. Mtu ambaye nyumba yake itamwachia 5,000 zaidi kila mwaka anaweza kubeba rejesho kubwa kidogo kuliko jirani yake mwenye mshahara uleule, na hatari ya kushindwa kulipa pale umeme unapopanda bei ni ndogo kwake. Hilo ni jambo la kuandikwa kwenye fomu ya mkopo, kwenye safu ileile inayouliza ada za shule na madeni mengine.